Tufungue Kichwa cha Mbuzi, Tuujue Ubongo Wetu

Somo letu la leo ni ubongo. Wengi wetu tumeuona ubongo. Tumeuona sufuriani siku ya kuchinja mbuzi, na tumeula kwa ugali. Lakini ni wachache waliowahi kuushika mkononi na kuuliza: hii sehemu ya nyuma inafanya kazi gani? Na haya maji ni ya nini?

Mimi ni mganga msaidizi katika zahanati moja huku Nassa, wilaya ya Busega, kando ya Ziwa Victoria. Nina cheti tu, sikusomea udaktari mkubwa. Chuoni nilizikariri sehemu za ubongo kwa ajili ya mtihani. Mtihani ulipokwisha nikazisahau nyingi. Aliyenifanya nizirudie ni kijana mmoja aliyeanguka na baiskeli. Nitaanza na habari zake, kwa sababu somo lote litamrudia yeye.

Ulikuwa msimu wa kuuza pamba. Kijana huyo alikuwa amepakia gunia la pamba kwenye baiskeli, analipeleka kwenye kituo cha kununulia. Penye kalavati baiskeli ilimshinda, akaanguka. Upande wa kushoto wa kichwa, juu kidogo ya sikio, uligonga zege. Alizimia kwa muda mfupi. Watu walipomfikia alikuwa ameshaamka, anauliza gunia lake liko wapi.

Walimleta kwangu. Alikuwa anasema vizuri na anatembea mwenyewe. Nilimsafisha jeraha, nikampa vidonge vya maumivu, nikamwambia akapumzike. Nikaona kazi yangu imekwisha.

Saa 2 usiku mama yake alikuja mlangoni kwangu. Alisema, "Daktari, kichwa kinamuuma zaidi, na ametapika mara tatu." Nikamjibu, "Mama, ni uchovu na jua. Mwache alale."

Alfajiri walimleta juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Alikuwa anakoroma, haamki hata ukimfinya. Nilimmulika machoni kwa tochi. Mboni ya jicho la kulia ilisinyaa kama kawaida. Ya kushoto ilikuwa pana, haikujali mwanga. Nilipounyanyua mkono wake wa kulia na kuuachia, ulianguka kama kamba.

Alipelekwa hospitali kubwa, akapasuliwa siku hiyohiyo, damu ikatolewa kichwani. Alipona. Lakini hadi leo mkono wa kulia haushiki jembe sawasawa, na maneno humjia polepole. Kama ningemsikiliza mama yake usiku ule, pengine angekuwa mzima kabisa.

Jambo la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza. Watu walianza kuulizana: kijana ameumia kushoto, mbona amepooza kulia? Wakasema hapa kuna mkono wa mtu. Jina la bibi mmoja jirani likaanza kutajwa, kwa kuwa usiku mmoja kabla ya ajali alionekana akizunguka karibu na mji wao. Ndugu msomaji, sisi tunaoishi Usukuma tunajua kinachoweza kufuata jina la bibi likishatajwa. Vikongwe wengi wameuawa kwa panga kwa maneno ya namna hiyo.

Mimi si hodari wa kuhutubia watu. Nilinunua kichwa cha mbuzi, nikaenda nacho nyumbani kwa kijana. Nikawaomba wazee wakae karibu, tukakipasua pamoja. Leo nataka wewe ufanye vivyo hivyo katika darasa lako la kisomo.

KABLA YA KUPASUA

Chagua kichwa cha mbuzi aliyechinjwa akiwa mzima, na nyama yake ikakaguliwa. Usipasue kabisa kichwa cha mnyama aliyekufa mwenyewe, au aliyekuwa akitoa mate na kuuma ovyo, au aliyeumwa na mbwa. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa ubongo. Mbwa mgonjwa akikuuma, kirusi huingia katika jeraha, kisha husafiri polepole ndani ya mishipa ya fahamu kuelekea kichwani. Safari hiyo huchukua wiki au miezi. Kirusi kikiwa bado njiani, chanjo itakuokoa. Kikishafika ubongoni, na mtu akaanza kuogopa maji, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo anayeumwa na mbwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende siku hiyohiyo kwenye chanjo.

Turudi kwa mbuzi wetu. Mwombe mchinjaji apasue fuvu katikati, kutoka kati ya pembe hadi kisogoni. Msumeno ni bora kuliko shoka. Shoka huvuruga kila kitu na kurusha vipande vya mfupa machoni. Sasa una nusu mbili. Nawa mikono ukimaliza.

MFUPA, NGOZI TATU NA MAJI

Kitu cha kwanza ni mfupa wenyewe, yaani fuvu. Gonga uone lilivyo gumu. Fuvu huulinda ubongo, lakini lina ubaya mmoja: halitanuki. Goti likivimba, unaliona limevimba. Ndani ya fuvu hakuna nafasi ya kuvimba. Kikiongezeka kitu humo, iwe damu, maji au usaha, ubongo ndio utakaobanwa.

Chini ya mfupa utaona ngozi nyeupe, ngumu, kama ngozi ya ngoma iliyolowa. Ivute taratibu kwa vidole. Chini yake iko ngozi ya pili, laini kama utando wa buibui. Ya tatu ni nyembamba sana, imeung'ang'ania ubongo, na juu yake unaona mishipa midogo myekundu ya damu. Binadamu naye ana ngozi hizo tatu. Vijidudu vikizishambulia, mtu hupata homa ya uti wa mgongo. Homa kali, kichwa kuuma sana na shingo kukakamaa ni dalili zake, na mgonjwa wa namna hiyo asilale nyumbani hata usiku mmoja.

Kati ya ngozi ya pili na ya tatu hukaa maji maangavu. Kwa mbuzi aliyepasuliwa mengi yatakuwa yamemwagika. Mtu mzima ana kiasi cha mililita 150 za maji hayo, zaidi kidogo ya nusu ya kikombe cha chai. Ubongo wake una uzito wa kilo 1 na robo hivi, na huelea katika maji hayo kama mtumbwi ziwani. Usingeelea, ungejibana kwa uzito wake wenyewe.

Sasa twende kwa kijana wetu. Weka kidole mbele ya sikio lako, kisha kipandishe juu kidogo. Hapo mfupa ni mwembamba. Kwa ndani, kati ya mfupa na ile ngozi ngumu, hupita mshipa wa damu. Kijana alipogonga zege, mshipa huo ulipasuka. Damu ikaanza kuibandua ngozi ngumu kutoka kwenye mfupa, kidogo kidogo. Mwanzoni nafasi ilitosha, ndiyo maana aliamka akauliza gunia. Saa chache baadaye damu ilikuwa imejaa na ubongo umebanwa. Kutapika kwake ilikuwa dalili. Usingizi wake ulikuwa dalili. Mimi niliuita uchovu.

Kwa hiyo mtu akigonga kichwa, hata kama ameamka na anacheka, akae na mwenzake usiku kucha. Aamshwe mara kwa mara na kuulizwa jina lake na jina la kijiji. Asipewe pombe, wala asipirini, kwa kuwa asipirini huzidisha kutoka damu. Akitapika tena na tena, akisinzia kupita kawaida, akichanganya maneno, akipata degedege, akilegea upande mmoja, au akitokwa na maji maangavu au damu puani au sikioni, usingoje kuche. Tena usimpeleke kwa mtu kama mimi tu. Mpeleke hospitali inayoweza kupasua.

KUSHOTO HUTAWALA KULIA

Toa ngozi zote uone ubongo wenyewe. Sehemu kubwa ya juu yenye mikunjo inaitwa ubongo mkubwa. Kwa nini una mikunjo? Ni kama mkeka. Mkeka mpana hauingii sandukuni mpaka uukunje. Mikunjo ya mbuzi ni michache kuliko yetu. Chini mbele kabisa utaona kinundu kwa kila nusu. Hivyo ni vinundu vya kunusa. Vya mbuzi ni vikubwa, vyetu ni vidogo sana, na huko mbele penye paji la uso ndiko binadamu alikomzidi mbuzi. Sehemu hiyo ya mbele hupanga mambo ya kesho na hutuzuia kufanya kila tunachotamani. Mbuzi haizuii tamaa yake akiona shamba la mahindi.

Kata kipande kidogo. Nje kuna rangi ya majivu, ndani kuna nyeupe. Katika rangi ya majivu ndimo kazi ya kufikiri inamofanyika. Kwa binadamu unene wake ni milimita 2 hadi 4 tu. Nyeupe ni nyuzi zinazopeleka habari.

Nusu ya kulia na ya kushoto zimeunganishwa katikati na utepe mweupe wa nyuzi. Sisi tutauita daraja. Umeupasua mbuzi katikati, kwa hiyo utaliona daraja limekatwa, limepinda kama upinde mdogo.

Sasa sikiliza vizuri. Nyuzi zinazoamrisha mkono na mguu hushuka kutoka ubongo mkubwa hadi chini karibu na shingo. Zikifika hapo, nyingi huvuka upande wa pili. Za kushoto huenda kulia, za kulia huenda kushoto. Ni njia panda iliyomo mwilini mwa kila mtu aliyezaliwa, mchawi asiwepo wala mganga asiwepo. Kijana alibanwa ubongo upande wa kushoto, na mkono uliolegea ukawa wa kulia. Ungelegea wa kushoto ndipo mimi ningeshangaa.

Mzee mmoja aliyekaa karibu nami siku ile alinyamaza kwa muda. Kisha akasema baba yake mdogo alipooza mguu na mkono wa kulia kwa kiharusi, na mdomo ukapinda. Akauliza, "Kumbe naye ugonjwa ulikuwa kushoto?" Nikamwambia, ndiyo mzee, mara nyingi ni hivyo. Kiharusi ni mshipa wa damu ulioziba au kupasuka ndani ya ubongo, na kinachouchosha mshipa mara nyingi ni shinikizo la damu. Mtu anaweza kuwa na shinikizo miaka mingi bila kuhisi lolote. Kupimwa ni dakika chache, unafungwa kitambaa mkononi, basi.

Na maneno ya kijana, mbona humjia polepole? Hapa nitawapeleka mbali kidogo. Mwaka 1861 katika jiji la Paris, Ufaransa, alikuwako mgonjwa aliyeelewa aliyoambiwa, lakini kila alipojibu alitoa sauti moja tu: "tan". Alipofariki, daktari Paul Broca aliutazama ubongo wake. Akakuta umeharibika mbele, upande wa kushoto. Tangu hapo madaktari walianza kukubali kwamba kwa watu wengi kazi ya kutamka maneno iko upande wa kushoto. Kwa hiyo mtu aliyepooza kulia na kupoteza maneno si kwamba amekuwa mjinga. Mara nyingi anakuelewa. Mpe muda amalize.

Sehemu nyingine nitazipitia upesi. Pembeni, karibu na masikio, ndipo tunaposikilizia. Kisogoni ndipo tunapoonea. Macho hupokea picha, lakini kisogo ndicho kinachoifahamu, ndiyo maana ukigongwa kisogo unaona nyota mchana.

VYUMBA VYA NDANI

Chini ya daraja utaona uwazi mwembamba. Hicho ni chumba cha maji. Ubongo una vyumba 4 vya namna hiyo, vimeunganishwa kwa vijia. Humo ndimo yale maji maangavu yanamotengenezwa, kiasi cha nusu lita kwa siku kwa mtu mzima. Maji hutoka vyumbani, huuzunguka ubongo, kisha hurudi katika damu.

Kijia kikiziba, maji hujaa vyumbani. Kwa mtoto mchanga mifupa ya kichwa haijashikana, kwa hiyo kichwa hukua kupita kiasi na macho hutazama chini. Baadhi ya mama wamefichwa ndani na watoto wao kwa ajili ya jambo hili. Acheni kuwaficha. Kuna upasuaji. Wengine huwekewa mrija wa kupeleka maji tumboni. Kule Mbale, Uganda, miaka ya 2000, daktari Benjamin Warf na wenzake walitumia njia nyingine: walitoboa tundu dogo katika sakafu ya chumba cha tatu ili maji yapate mlango mpya, na wakaunguza sehemu zinazotengeneza maji hayo ili yapungue. Njia hiyo iliyokuzwa hapa Afrika Mashariki, jirani zetu, imefundishwa nchi nyingi. Nchini kwetu watoto hawa hupasuliwa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, na katika Hospitali ya Bugando, Mwanza. Kuwahi ndiko kunakookoa akili ya mtoto.

Katikati, chini ya daraja, kuna donge la mviringo kama yai dogo. Linaitwa talamasi. Ni kama stendi ya mabasi: habari za macho, masikio na ngozi hupita hapo kabla ya kugawanywa. Chini yake kipo kipande kidogo kiitwacho haipotalamasi. Ndicho kinachosema una njaa, una kiu, una joto. Kimening'iniza tezi kama punje ya mbaazi, iitwayo pituitari. Kwa mbuzi wako pengine tezi hiyo imebaki katika kishimo cha mfupa. Itafute.

Sasa ingia pembeni, ndani ya sehemu iliyo karibu na sikio. Fungua polepole kwa kijiti. Utakuta kipande kilichojipinda. Wataalamu wanakiita hipokampasi. Kazi yake ni kupokea mambo mapya na kuyaweka yakumbukwe.

Hapa nilisimama, nikamtaja yule bibi. Niliwauliza wazee: ni kweli anauliza swali lilelile mara kumi? Wakasema ni kweli. Anasimulia njaa na ndoa za zamani bila kukosea, lakini hajui kama amekula leo? Ni kweli. Basi, nikasema, kuna ugonjwa wa uzeeni unaosinyaza ubongo, na mara nyingi huanza kuharibu hapa, katika hipokampasi. Mgonjwa hutoka usiku akidhani anakwenda nyumbani kwao alikozaliwa. Hajui njia ya kurudi, naye huogopa kuliko wewe uliyemwona. Na macho yake mekundu? Yule bibi amepikia kinyesi cha ng'ombe na mabua maisha yake yote. Ni moshi huo.

Mama wa kijana ndiye aliyevunja ukimya. Alisema, "Basi usiku ule alikuwa amepotea tu." Siku hizi mjukuu mmoja hulala naye, na mlango hufungwa kwa kamba.

NYUMA NA CHINI

Nyuma, chini ya ubongo mkubwa, kuna ubongo mdogo. Ukiukata katikati utaona kitu kizuri: nyuzi nyeupe zimetawanyika kama mti wenye matawi. Ubongo mdogo hutuweka sawa tusiyumbe. Pombe huuvuruga, na mlevi hata bila kusema neno hujulikana kwa mwendo.

Mbele ya ubongo mdogo hushuka shina la ubongo, kisha linaendelea kuwa uti wa mgongo. Shina ni nene kama kidole gumba, lakini humo ndimo kunakotawaliwa kupumua, mapigo ya moyo, na kuwa macho. Mtu anaweza kuumia sehemu nyingine akaishi. Shina likibanwa, pumzi hukatika.

Ndiyo maana mboni ya kijana ilinitisha. Damu ilipozidi, ubongo ulisukumwa chini kuelekea kwenye shina. Njiani ulibana mshipa wa fahamu unaosinyaza mboni ya jicho la upande uleule. Mboni moja ikawa pana. Ilikuwa imebaki hatua ndogo kufika kwenye pumzi. Koroma lile halikuwa usingizi.

KIFAFA SI CHA KUAMBUKIZA

Nitamalizia na kifafa, kwa kuwa kila nikizungumza juu ya ubongo watu hunitaka nikizungumzie. Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo sana unaopita kutoka chembe moja hadi nyingine kwa utaratibu. Kundi la chembe likiwaka zote kwa pamoja bila utaratibu, hicho ni kifafa. Wengine huanguka mwili mzima. Wengine hurukwa na kidole gumba tu, au husikia harufu isiyokuwapo, kwa kuwa umeme umewaka katika sehemu moja tu.

Mahenge, mkoa wa Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwatibu Wapogoro wenye kifafa karibu mwaka 1960. Alikuta wagonjwa waliotengwa na walioungua moto, kwa kuwa watu waliogopa kuwagusa. Aliwapa fenobabitali, dawa ya bei nafuu, na wengi walipata nafuu. Aliona pia watoto wanaoinamisha kichwa mara kwa mara kama wanaosinzia. Ugonjwa huo sasa unahusishwa na minyoo ya usubi, wanaoenezwa na inzi wadogo wa kandokando ya mito iendayo kasi.

Kule Haydom, wilaya ya Mbulu, uchunguzi umeonyesha sababu nyingine kwa baadhi ya wagonjwa: viluwiluwi vya tegu wa nguruwe ndani ya ubongo. Mtu akila nguruwe mwenye viluwiluwi ambaye hakuiva, tegu hukua tumboni mwake. Mayai yake hutoka na kinyesi. Mwenzake akiyameza kwa mkono mchafu, mboga au maji, hutoka viluwiluwi na kusafiri kwa damu hadi ubongoni. Kwa hiyo hata asiyeonja nguruwe maisha yake yote anaweza kupata kifafa, kwa sababu jirani hana choo. Wazee wanaokumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 walichimba vyoo vingi. Vingine vimeshadidimia. Nguruwe nao wafungwe, wasizurure.

Mtu akianguka kifafa, mwondoe penye moto au maji. Mlaze kwa ubavu. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimkandamize. Povu lake ni mate tu, haliambukizi. Ikipita dakika 5 bila kutulia, au akianguka tena kabla ya kuzinduka, mpeleke hospitali. Dawa anywe kila siku, asiache ghafla hata akiona amepona. Na kwetu huku ziwani: mwenye kifafa asivue dagaa peke yake mtumbwini. Mtoto naye akishikwa na degedege akiwa na homa, usiseme ni ndege. Inaweza kuwa malaria iliyopanda ubongoni. Apimwe mara moja.

ZOEZI LA KIKUNDI

Kila mmoja ashike kichwa chake mwenyewe, aonyeshe mahali pa kuonea, pa kusikilizia na pa kujiweka sawa. Kisha jibuni: mama mmoja ameamka asubuhi, mkono wa kushoto hauinuki, mdomo umepinda, lakini anasema vizuri. Ugonjwa uko upande gani wa ubongo? Mtampeleka wapi, na saa ngapi mtaondoka?